Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania: Nakala mnayoikagua, tunaomba muitunze

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Nakuandikia kutoka Mwananyamala, Dar es Salaam. Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vitatu, na ni mtazamaji ninayelipia. Tangu programu za kutazama filamu kwenye simu zilipoanza kuleta tamthilia za Kiswahili, sijakosa kulipa mwezi hata mmoja. Kichwa cha rasta ndogondogo kinaweza kuchukua saa tano au sita, na saa hizo lazima zijazwe na kitu. Nilikuwa naunganisha simu na televisheni, mteja anasukwa huku anatazama, na aliyemaliza haondoki mpaka sehemu iishe. Tukifunga saluni, mjadala unahamia kwenye kundi letu la WhatsApp hadi usiku.

Katika tamthilia moja kati ya hizo aliigiza mama yangu mdogo. Alikuwa bibi wa bwana harusi, yule anayekaa barazani akichambua mchele na kumwambia kila apitaye ukweli wake. Alikuwa na sini nne tu katika msimu mzima. Ameigiza tangu ujana, kwenye vikundi vya mtaani, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye sherehe za shule, na katika yote hayo hakuna kilichorekodiwa kikabaki. Zilibaki sini nne hizo. Siku ya arobaini yake tulikaa uani, wajukuu wakaegemeza simu kwenye kinu, tukamsikia tena anavyoivuta ile "haya mwanangu" yake. Tulilia, kisha tukacheka. Tangu hapo ikawa desturi ya familia: mtu akimkumbuka, anamfungua.

Miezi michache baadaye kampuni yenye programu ile ikatangaza kwamba inapunguza matumizi. Misimu ya pili tuliyoahidiwa ikasimama. Waandishi, wahariri, wapiga picha, mpaka akina mama waliokuwa wanapika kwenye maeneo ya kurekodia, wakaambiwa kazi hakuna. Hilo liliniuma, lakini nilielewa, kwani biashara huyumba. Kilichofuata ndicho mpaka leo sijakielewa. Usiku mmoja tamthilia nyingi za Kiswahili ziliondolewa kwenye orodha. Nilifungua asubuhi nikakuta maandishi: "Maudhui haya hayapatikani." Nikadhani bando limekata, nikaweka jingine. Nikadhani ni simu, nikaifuta programu nikaipakua upya. Huduma kwa wateja walinijibu siku ya tatu kwamba orodha hubadilika mara kwa mara, na kwamba wananikaribisha nitazame vitu vingine. Pesa ya mwezi ilikuwa imeshakatwa, bei ileile.

Nikamtafuta prodyuza. Ni dada wa Tabata, alikuja kwenye msiba wetu na tangu siku hiyo tunajuliana hali. Aliyoniambia yaliniondolea usingizi: hata yeye hana. Mkataba aliosaini uliipa kampuni haki zote, dunia nzima, kwa muda wote. Faili kamili alizikabidhi, na diski aliyobaki nayo ilikufa. Hata angekuwa nayo, asingeruhusiwa kuipeleka kwenye kituo cha televisheni wala kuiweka YouTube. Kazi imeandikwa, imechezwa, imehaririwa, watu wameitolea jasho, na mwenye ruhusa ya kuionesha ni mmoja tu, ambaye ndiye aliyeamua isionekane.

Nikaanza kuuliza na kusoma, nikakuta hatuko peke yetu. Aprili 2022 kule Marekani kampuni mbili, WarnerMedia na Discovery, ziliungana zikawa Warner Bros. Discovery. Zilibeba deni linalozidi dola bilioni 50, na wakubwa wake wakawaahidi wenye hisa kwamba watabana matumizi kwa dola bilioni 3. Agosti mwaka huohuo wakatangaza kwamba filamu ya Batgirl, iliyokuwa imekwisha kupigwa na kugharimu takribani dola milioni 90, haitaoneshwa popote. Siyo sinema, siyo kwenye programu yao. Wiki hizohizo wakaondoa kazi 36 kwenye HBO Max, programu yao hiyo, zikiwemo katuni za watoto ambazo watengenezaji wake walitumia miaka kuzichora, na sehemu zipatazo 200 za kipindi cha watoto cha Sesame Street. Mwaka uliofuata Disney nayo ikaondoa makumi ya kazi zake. Filamu moja, Crater, iliwekwa katikati ya Mei 2023 na kabla Juni haijaisha ilikuwa imeshatolewa.

Mwanzoni nilidhani kinachowashinda ni gharama ya kuhifadhi faili. Kumbe mahesabu ni mengine. Kule Marekani waigizaji na waandishi wana vyama vyenye nguvu, na kwa mikataba ya vyama hivyo kazi inayoendelea kuoneshwa inaendelea kuwalipa kidogokidogo. Ikiondolewa, malipo yanakatika. Tena, kazi iliyoandikwa kwenye vitabu kama mali inaweza kutangazwa kuwa haina thamani tena, kampuni ikaandika hasara, na hasara hiyo ikapunguza kodi. Kwa hiyo inafika mahali filamu ina faida zaidi ikizikwa kuliko ikitazamwa. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kukuandikia, Ndugu Katibu, na kila mara namwona mama mdogo na ungo wake wa mchele.

Kuna tukio moja kule lililonipa moyo wa kushika kalamu. Novemba 2023 Warner Bros. Discovery ileile ilitangaza kuizika filamu nyingine iliyokwisha kukamilika, Coyote vs. Acme. Watengenezaji na mashabiki wakapaza sauti kwa pamoja, hawakuacha. Kampuni ikakubali filamu itafutiwe mnunuzi, na Machi 2025 ikauzwa kwa Ketchup Entertainment ili ipelekwe kwenye sinema. Lakini hiyo iliokoka kwa sababu faili zake zilikuwepo. Kelele zetu za Dar hazitaokoa kitu kama faili yenyewe imepotea.

Na hapa ndipo tofauti ya jana na leo inaponitisha. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Leo nikitaka kumwona najua pa kumpata, kwa sababu filamu zake zilitoka kwenye sidii na dividii, zikauzwa Kariakoo, zikapanda mabasi ya mikoani, zikaingia kwenye makabati ya watu. Hakuna mkurugenzi anayeweza kuingia sebuleni kwa mama yangu usiku akachukua sidii chini ya televisheni. Kazi za sasa hazina kabati. Ziko mahali pamoja, kwa mtu mmoja, na sisi tunalipia kuzitazama kupitia dirisha analoweza kulifunga atakapo.

Wanaobaki na nakala ni vijana wa kujaza flashi. Nilikwenda kwa mmoja Manzese, kibanda chake kimeandikwa "Muvi Laibrari" kwa rangi nyekundu. Najua ni wizi wa jasho la watu, na dada yule wa Tabata ni mmoja wa wanaoibiwa. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Yule kijana alipekua kompyuta yake kwa subira, akapata sehemu tatu za mwanzo. Mama mdogo anaingia sehemu ya sita.

Ndugu Katibu Mtendaji, nimekuandikia wewe na si kampuni kwa sababu moja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, imeipa Bodi kazi ya kukagua filamu na kuzipangia madaraja kabla hazijaoneshwa hadharani. Maana yake ni kwamba kuna siku kazi inapita mikononi mwenu ikiwa kamili. Mtu wa serikali anakaa, anaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Dada wa Tabata aliniambia alipeleka tamthilia yake kwenu na daraja akapewa. Basi ombi letu kubwa, mimi na wenzangu wa kundi, ni kwamba nakala iliyokaguliwa isiishie kwenye ukaguzi. Iwe kanuni kwamba kila filamu na kila tamthilia ya Kitanzania inayopewa daraja inaacha nakala bora ya kutunzwa, na nakala hiyo iwe sehemu mbili tofauti, maana diski nazo hufa.

Hili si jambo la ajabu hapa nchini. Mchapishaji wa kitabu hupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Duka la vitabu likifilisika kesho, kitabu hakipotei nalo. Ufaransa walipitisha sheria mwaka 1992 kwamba vipindi vya redio na televisheni vitunzwe vilevile kama vitabu, na wana taasisi inayofanya kazi hiyo, INA. Sisi kazi zetu za zamani tumeshaziachia mno. Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968 na serikali yetu wenyewe. Filamu zake nilisimuliwa na mama mdogo, nikiwa nimekaa miguuni pake ananisuka, anaigiza sauti zote. Sijawahi kuiona hata moja. Nisingependa wanangu waje kusimuliwa za sasa kwa namna hiyohiyo.

Najua wenye makampuni watalalamika kwamba mali yao inachukuliwa. Hatuombi mzioneshe bure. Nakala ikae imefungwa, kazi iendelee kuuzwa na mwenye haki zake kama kawaida. Lakini akiiondoa kazi asiioneshe popote, kwa mwaka mmoja tuseme, basi walioitengeneza wawe na haki ya kuja kuichukua na kuipeleka kwingine. Hapo najua mtahitaji kukaa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa kuwa mambo ya mikataba yanaigusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kaeni nao. Waiteni na maprodyuza wadogo, wale wanaosaini mkataba kwa lugha ya Kiingereza bila mwanasheria kwa kuwa kodi ya nyumba imefika. Dada yule ananiambia hakujua kama angeweza kuomba kipengele cha kurudishiwa kazi yake. Hakuna aliyemwambia.

Na sisi watazamaji tupewe taarifa. Daladala ikibadilisha njia, konda anatangaza kabla hujapanda. Kampuni inayonikata pesa kila mwezi kwa ajili ya orodha fulani inaweza kuniambia siku thelathini kabla kwamba vitu hivi vinaondoka, nikavitazama mara ya mwisho, nikaamua kama naendelea kulipa. Hilo nalitaja kwa ufupi kwa sababu ni jepesi, linahitaji tu kuamriwa.

Wateja wangu wananiuliza kwa nini naling'ang'ania hili wakati kuna tamthilia mpya kila wiki. Mmoja amesema nisamehe tu, ni sini nne. Yeye mwenyewe alipata jina la mtoto wake kwenye tamthilia ileile. Sisi tunaotazama tunaonekana watu wa kupitisha muda, lakini katika tamthilia zile tulisikia Kiswahili chetu cha Mwananyamala na Buguruni kikisemwa bila kunyooshwa, tukaona foleni ya maji yetu, misiba yetu, mawifi zetu. Watu waliokiweka kitu hicho pale walifanya kazi ya taifa, na baadhi yao sasa hawapo.

Nitakuja ofisini kwenu mwezi ujao pamoja na dada mtayarishaji. Yeye ana cheti cha daraja mlichompa, mimi nitakuja na barua hii ikiwa na majina ya wenzangu walioiunga mkono. Tunalo swali ambalo halihitaji sheria mpya wala kikao: ile nakala aliyowaletea ya ukaguzi, bado mnayo? Kama ipo kwenye kabati au kompyuta yoyote pale, tunaomba kabla ya jambo lingine lolote isifutwe. Na kama utaratibu wenu unaruhusu, niletwe kwenye chumba mnachotazamia, nikae, mtu aniwekee sehemu ya sita.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msusi na mtazamaji, Mwananyamala, Dar es Salaam