Alisema "leo ndiyo tumekula" mbele ya wageni

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri, usingizi umeniruka tangu usiku wa manane. Usinione mtu wa kisirani. Wanaonijua wanajua si mwepesi wa kununa, na wala simwonei wifi yangu wivu. Nalisema mapema kwa sababu ndilo watu watakalokimbilia.

Siku ya sikukuu wifi alikuja kuoka keki nyumbani kwetu kama kawaida yake. Ikatoka nzuri, sikatai. Imeumuka, imepakwa krimu, watoto wamemzunguka. Mume wangu alipomaliza kipande cha pili akaegemea kiti, akajipapasa tumbo, akasema wageni wote wakisikia: "Ama kweli, leo ndiyo tumekula." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, nakwangua ukoko.

Leo ndiyo tumekula. Sasa siku nyingine zote huwa tunafanya nini?

Shangazi, wewe unajua nyumba zinavyoendeshwa. Siagi, mayai, sukari na ile krimu havikudondoka kutoka mbinguni. Vilitoka kwenye fedha za jikoni, zile zile anazoniachia za mwezi mzima. Ili vipatikane nilibana kabla: maharage, viazi, kabichi, nyama kwa nadra, tena mara nyingi mifupa ya kuchemshia supu. Sikukuu ilipopita nikabana zaidi, maana mfuko ulibaki mtupu. Kwa hiyo keki ile na maharage yale vimetoka mfuko mmoja. Keki ikapata sifa, maharage yakapata lawama.

Na maharage si chakula cha mvivu, hata wasemeje. Nayaloweka tangu usiku, asubuhi namwaga maji yale naweka mengine, na yakishaanza kuchemka nayaacha yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo napunguza moto. Hasa yale mekundu, ambayo yakiliwa hayajaiva sawasawa yanatapisha na kuharisha. Wali ukibaki nautandaza kwenye sinia upoe upesi, kisha unaingia kwenye friji. Kwangu wali haulali mezani, kwa sababu uliolala nje unaweza kumdhuru mtu hata kama utaupasha moto mpaka ufuke. Mkate ukikauka nausaga chenga, nachanganya na viazi vya kuponda na kitunguu, nakaanga. Watoto wangu wanakua na wanashiba. Hizo kazi hazipakwi krimu, basi hakuna anayeziona.

Wala si kwamba sijui kuoka. Oveni ile naijua mimi, inaunguza upande wa nyuma, na ni mimi niliyemwambia wifi aigeuze keki ilipokaribia kuiva. Mayai niliyatoa kwenye friji mapema ili yasikutane na siagi yakiwa baridi, mchanganyiko ukakatika. Alipotaka kufungua mlango wa oveni haraka haraka aone keki imefikia wapi, nikamzuia, kwa sababu keki isiyoshika ikipigwa na baridi inabonyea katikati. Wifi hana kosa, ni mtu mzuri na jikoni alinishukuru. Ila pale mezani, sifa zilipokuwa zinamiminika, angeweza kutamka hata neno moja. Hakutamka.

Nilimwambia mume wangu usiku ule ule. Akanijibu kwamba ulikuwa utani na mimi nakuza mambo. Mama mkwe nilipomgusia akaniambia malipo ya mpishi ni kuona sahani zimerudi tupu. Sahani zinarudi tupu kila siku, Shangazi, na bado nalala na donge kooni. Labda ningesahau, lakini juzi niliandaa maharage ya nazi, mwanangu akasukuma sahani akauliza, "Mama, lini tutakula kama siku ile?" Baba yake akacheka. Akacheka, Shangazi! Ndipo nikajua neno lile limeshaota mizizi, na watoto wangu watakua wakiamini kwamba mama yao huwa anawapa kitu kingine, si chakula.

Sasa sikukuu nyingine inakaribia. Wifi ameshatuma orodha ya vitu vyake, safari hii ni keki mbili na biskuti, na mume wangu kaniletea akisema, "Utajua mwenyewe namna ya kubana." Nimewaza kumwambia fedha hazipo. Nimewaza kwenda kwa wazazi wangu siku hiyo nimwachie jiko. Nimewaza pia kuoka mwenyewe, halafu najiuliza kwa nini nioke ili nisifiwe kwa siku moja. Sitaki kuoka. Lakini nikisikia mwingine ndiye aliyeombwa, roho inaniuma kwamba mimi sikuombwa.

Kuna daftari ninaloandikia matumizi ya jikoni, kila kitunguu kimo. Nimefikiria kulileta mezani wageni wakiwa wamekaa, nisome kilichonunuliwa mwezi ule na tulichokula ili keki ipatikane, kisha nimuulize baba watoto kama siku zile hakula. Maana yeye hakunisemea chumbani, alinisemea mbele za watu. Je, nikimjibu mbele za watu hao hao nitakuwa nimemvunjia heshima, au nitakuwa nimedai yangu? Mimi si mwanamke wa kumwaibisha mumewe, naomba ulielewe hilo. Ananitunza, hanipigi, fedha za jikoni hazikosekani hata kama hazitoshi. Ndiyo maana neno lile limeniuma hivi, kwa sababu limetoka kwake.

Tafadhali usinijibu kwamba nimsamehe, nimeshamsamehe. Ninachotaka ni alirudishe neno lake pale pale alipolisemea, na wale wale waliocheka wasikie. Wifi anataka jibu la orodha yake kabla ya mwisho wa wiki na mume wangu ameanza kuniuliza, kwa hiyo ukiweza nijibu mapema.

Ni mimi msomaji wako, mama wa watoto watatu.