Mama anasema namnenepesha mdogo wangu kama mbuzi wa Idi

Shikamoo Shangazi,

Saa tisa usiku, mdogo wangu anazunguka sebuleni, nami sijapata lepe la usingizi. Jana mama kanisema mbele ya wageni: namnenepesha mtoto kama mbuzi wa Idi. Mbuzi, Shangazi!

Dawa nashika mimi, basi lawama zote zangu. Alianza olanzapini, dawa ya kunyamazisha sauti anazozisikia kichwani, miligramu 10 za usiku, akiwa na kilo 58. Huu ni mwezi wa nane tangu aanze, ana 79, na nyingi ziliingia miezi mitatu ya mwanzo. Mama anaita ulafi. Si ulafi! Dawa hii inavuruga kwenye ubongo ile hali ya kujua umeshiba. Anamaliza ugali, nusu saa baadaye anafunua sufuria. Soda nimeiondoa ndani. Chapati Ijumaa tu. Nusu ya sahani ni mchicha. Kila Jumatatu kabla ya chai nampima kwa mizani ileile, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Anayefuga mbuzi wa Idi hufanya hivyo?

Wapo wanaotaka arudi haloperidoli, dawa yake ya zamani. Ni kweli haikumnenepesha, ila shingo ilipinda, mikono ikatetemeka, akaongezewa Artane ya kutuliza hayo, na sauti akaendelea kuzisikia. Kwa olanzapini zilinyamaza, akaanza hata kunyoa ndevu mwenyewe. Halafu kajiona kwenye kioo, akasema afadhali zile sauti.

Najua si suala la suruali kubana tu, kuna sukari na mafuta kwenye damu. Alipoanzishwa dawa hawakumpima hata kimoja, kwa hiyo leo sukari ikionekana juu hakuna cha kulinganisha. Najua pia daktari anaweza kuongeza metfomini, dawa ya kisukari inayosaidia pia kupunguza uzito, hata kwa asiye na kisukari, kuanzia miligramu 500 pamoja na chakula maana inasumbua tumbo, au kumhamishia aripiprazoli, ambayo hainenepeshi hivyo, moja ikipunguzwa taratibu huku nyingine ikiingia. Ni kumuuliza tu. Sijamuuliza.

Usinihukumu. Wiki ya tatu hii namkatia kidonge, nampa 5 badala ya 10. Nilitaka mama anyamaze. Imepungua kilo moja. Moja! Na tangu Jumapili halali, anaongea na dirisha.

Alhamisi ni kliniki, na mama huingia nasi. Nikisema, dawa atanyang'anya azishike yeye, na yeye hata kidonge kimoja hatampa, anasubiri maombi. Nisiposema, daktari atadhani 10 zimeshindwa, aongeze au abadilishe dawa ambayo haijashindwa. Naweza kumpigia muuguzi asubuhi, nimweleze kabla hatujafika? Na usiku wa leo nimpe nusu au kizima?

Mimi sitaki anenepe, Shangazi, wala sitaki aachishwe hii dawa. Na mama aniombe radhi kwa lile la mbuzi.

Dada mtu, Morogoro