Ndugu mhariri, waranti sio garantii

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salama. Mimi ni fundi friji na AC hapa Tanga, Ngamiani, kazi hii huu mwaka wa kumi na tisa, na gazeti lako nalisoma kila siku saa nne kwenye chai, lile la kijiweni linalopita mikono ya watu kama sita kabla halijanifikia mimi, kwahiyo likifika kurasa za michezo zishalowa mafuta ya maandazi. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wa biashara mliandika kwamba friji za siku hizi zinauzwa "zikiwa na dhamana ya miaka 10". Nikaisoma mara mbili, nikaweka kikombe chini. Nikasema hapana, leo lazima niandike.

Hiyo miaka 10 naijua mimi. Kuna mama jirani yangu anauza barafu za ubuyu na maji ya kandoro, alinunua friza jipya duka moja la hapa mjini, lina stika ya bluu mlangoni imeandikwa 10, hiyo kumi kubwa kama sahani ya wali, afu chini yake kuna maandishi madogo kama sisimizi. Mwaka mmoja na miezi minne friza likagoma kugandisha, taa inawaka lakini ndani joto tupu, barafu zote zimekuwa juisi. Mama wala hakuwa na presha, si kuna miaka kumi bwana. Akakodi kirikuu elfu 15, vijana wawili wa kubeba, huyo mpaka dukani. Kijana wa dukani akainama akamsomea yale maandishi ya sisimizi: miaka 10 ni ya kompresa peke yake, ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi, friza lenyewe ni mwaka mmoja, na mwaka umeshapita. Kirikuu ikageuza, elfu 15 nyingine.

Ndo akanifuata mimi. Nikafungua nyuma, nikaweka mita, kompresa nzima kabisa haina hata neno. Kilichokufa ni bodi, ile saketi inayoendesha kompresa za inveta, zile zinazobadilisha mwendo zenyewe, kapasita, kile kidude cha kutunza chaji, imevimba kichwa na pembeni kuna weusi wa kuungua pale umeme unapoingilia, yani umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ukapita nayo. Na hapa niseme ukweli wa kifundi, kompresa za namna hii mara nyingi ndo kitu cha mwisho kufa kwenye friji, inayotangulia ni bodi, au feni, au bomba linavuja gesi. Kwahiyo kampuni inakupa miaka 10 kwenye kile kitu ambacho yenyewe inajua hakifi kirahisi. Na hata kompresa ikifa kweli, soma kadi yako vizuri, nyingi nilizoziona mimi wanakupa kompresa yenyewe tu, gesi unanunua, fundi unalipa, usafiri juu yako.

Mama akaniangalia akaniuliza, "Fundi, kwani dhamana si dhamana?"

Nilikosa jibu pale pale mhariri, nikajifanya natafuta bisibisi.

Ishu iko hivi. Waingereza wana maneno mawili, warranty na guarantee, sisi mtaani tunayaita waranti na garantii, wengine gerentii, na tunayatumia kama mapacha waliovalishwa sare, leo huyu kesho yule. Nyinyi wenye magazeti mkiyapata yote mawili mnayaandika dhamana na kazi imeisha. Sasa siwalaumu sana kwasababu hata Waingereza wenyewe kwenye maongezi ya kawaida wanayachanganya, na kwa asili hayo maneno ni neno moja kweli. Yalitoka Ufaransa. Wanormani walioivamia Uingereza mwaka 1066 walikuwa wanatamka kwa W pale ambapo Wafaransa wa Paris wanatamka kwa G, ndo maana yule mtawala wao aliyeongoza uvamizi Waingereza wanamwita William na Wafaransa wanamwita Guillaume, mtu yule yule. Waingereza wakalipokea neno kwa mlango wa W, baadae likaja tena kwa mlango wa G, wakayaweka yote mawili ndani ya nyumba. Ni kama sisi na ndugu zetu wa Mombasa, wao wakisema "ndoo" wanamaanisha njoo, na njia wanaiita ndia, neno ni lile lile limebadilika mdomoni tu. Lakini mwambie kijana wa Dar "ndoo hapa" uone, anakuletea ndoo ya maji.

Kwahiyo asili moja, sawa. Ila maneno yakikaa nyumba moja miaka mia kadhaa kila moja linatafuta kazi yake, na hii kazi nilielezewa na wakili mmoja mteja wangu, nilikuwa juu ya ngazi nasafisha AC ya ofisini kwake yeye yuko chini anakunywa kahawa ananipa somo la bure. Akasema fundi, ukitaka kuyatofautisha hesabu watu. Waranti ina watu wawili, muuzaji na mnunuzi, mmoja anamwambia mwenzie kitu hiki ninachokuuzia kiko hivi na hivi, kisipokuwa hivyo nitawajibika. Garantii kwa maana yake ya kisheria ina watu watatu, anayedai, anayedaiwa, na yule wa tatu aliyesimama katikati akasema huyu asipolipa nidai mimi. Nikamwambia kumbe hiyo ndo kumdhamini mtu kwenye kikundi cha mikopo, VICOBA! Akacheka akasema ndo hiyo hiyo, na Waingereza tangu mwaka 1677 walishaweka sheria kwamba ahadi ya namna hiyo haiwi na nguvu mahakamani mpaka iwe kwenye maandishi, kwasababu watu walikuwa wanasingiziwa eti walikubali kulipa madeni ya wengine. Mimi niliwahi kumdhamini shemeji yangu kwa mdomo tu, hayo sitayaeleza hapa.

Afu akaniongezea lingine ambalo ndo lilinifungua macho zaidi. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, imefuata ya Waingereza ya mwaka 1893, na humo kuna vitu viwili, kuna sharti na kuna waranti. Sharti ni lile jambo kubwa la mauzo yenyewe, kwamba friji ni friji na linagandisha. Likivunjwa una haki ya kukataa mzigo. Waranti ni jambo la pembeni, likivunjwa unaweza kudai fidia lakini huwezi kurudisha mzigo ukasema nipe hela yangu. Na hapa ndo penye mtego: ukishaupokea mzigo ukaukubali ukawa unautumia, hata lile sharti linashushwa cheo linakuwa kama waranti tu, unabaki na fidia. Yani yule anayenunua friji anaenda kuliweka sebuleni na boksi lake mwezi mzima akisubiri siku ya arusi ya bintiye, ajue haki yake inapungua huku akiliangalia. Washa friji siku hiyo hiyo mhariri. Liache usiku mzima na glasi ya maji kwenye friza, asubuhi uone kama imeganda.

Sasa kwenye biashara za kila siku tofauti inakuja kwa namna nyingine kidogo. Muuzaji wa ulaya akisema garantii, mara nyingi masikioni mwa mnunuzi inalia hela: usiporidhika tunakurudishia. Akisema waranti inalia ufundi, kikiharibika ndani ya muda fulani tutakitengeneza au tutakubadilishia kipuri. Na Australia wao wamelinyoosha kabisa kwenye sheria inayotumika tangu 2011, garantii ni haki unayopewa na sheria yenyewe, muuzaji hana uwezo wa kuifuta, na waranti ni ahadi anayokuongezea mwenye kampuni kwa hiari yake. Kule huruhusiwi hata kubandika bango la kwamba hela hairudishwi. Hapa kwetu chini ya kila risiti kuna "mali ikishauzwa haitapokelewa", na sisi tunaisoma kama aya.

Mimi mwenyewe haya maneno yameshanila hela. Kuna mzee mmoja mwenye mgahawa, kakaa Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, aliniletea friji nijaze gesi. Nikatafuta tundu, nikachomelea, nikajaza, 85,000. Akaniuliza, "Mwanangu, unanipa garantii?" Nikamjibu kwa mbwembwe zote, garantii miezi mitatu mzee wangu, we lala usingizi. Kichwani mwangu nilimaanisha likisumbua niite nitarudia kazi bure. Wiki ya saba likavuja, tundu jipya sehemu nyingine kabisa, mimi nikaenda na mtungi wangu wa gesi na tabasamu, mzee kanisubiri mlangoni anataka 85,000 yake yote pamoja na hela ya samaki waliooza. Tukafika mpaka kwa mjumbe. Mjumbe akaniuliza swali moja tu, "Fundi, ulitamka neno gani?" Nikasema garantii. "Na garantii maana yake nini?" Nikaanza kujiumauma. Mzee mwenyewe alikuwa mstaarabu, tukamalizana kwa 40,000 na samaki akasamehe, ila tangu siku ile kitabu changu cha risiti nimegonga muhuri: WARANTI MIEZI 3, KAZI ITARUDIWA BURE, HELA HAIRUDI. Wateja wengine wananuna wakiisoma lakini hakuna aliyenipeleka kwa mjumbe tena.

Sasa turudi kwenye neno lenu dhamana. Neno zuri sina ugomvi nalo, ila limebebeshwa mzigo kama punda wa Pangani. Mtu akitoka polisi katoka kwa dhamana. Waziri ana dhamana ya wizara. Nyumba imewekwa dhamana benki. Serikali inauza dhamana za muda mfupi. Kote humo ukilisikia hilo neno unapata picha ya kitu kizito kimeshikwa, kwamba kuna mtu au mali imesimama hapo kama kinga na haiendi popote. Ndo maana mama wa barafu alipanda kirikuu bila wasiwasi, yeye hakusoma kwamba kipuri kimoja kina ahadi ndefu, alisoma kwamba friza zima limewekewa kinga miaka 10. Neno la Kiswahili lilimuahidi kikubwa kuliko stika yenyewe ya Kiingereza. Na hapo mkosaji sio duka peke yake, ni sisi tunaotafsiri.

Ninachowaomba sio kikubwa. Mkiandika habari za bidhaa andikeni waranti, watu wanalijua, kila kadi inayotoka kwenye boksi la simu wanaiita kadi ya waranti hata bibi yangu anaiita hivyo. Na mkiandika waranti mseme ya kitu gani, mfano waranti ya kompresa miaka 10, ya friji zima mwaka 1. Garantii iachieni pale ambapo hela inarudi kweli. Na mtu akimsimamia mwenzie kwenye deni huo ni udhamini, neno tunalo siku zote. Wataalamu wa lugha wakija na maneno mazuri zaidi tutayapokea, ila kwa sasa msitupe neno moja kwa vitu vitatu afu tukienda dukani tuchekwe.

Jingine dogo nisilisahau, kadi nyingi zinataka uje na risiti, na hizi risiti za mashine za EFD, zile za kodi, maandishi yake yanafifia, ukiiweka juu ya friji jikoni penye joto miezi michache tu inabaki karatasi nyeupe. Ipige picha na simu siku ile ile unayonunua. Afu kadi nyingine zinasema usipotumia frijigadi au stabilaiza, vile vifaa vya kulinda friji umeme ukiyumba, waranti imekufa, na kwa umeme wetu huu nunua tu hata kama kadi haijasema.

Friza la yule mama nimelifungia bodi nyingine ya inveta niliyoagizia kwa jamaa zangu Dar, linagandisha vizuri, japo linapiga kelele kidogo kuliko zamani. Stika ya bluu bado iko mlangoni. Nilitaka kuibandua akanikataza, anasema wateja wakiona ile kumi wanajua barafu zake zimeganda sawasawa.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi friji, Ngamiani, Tanga