MALALAMIKO: SAA 8 USIKU MLIYOTUANDIKIA NA MYUTI YA SIKU 7 MLIYONIPIGA

Kwa uongozi wa gemu na wote mnaokaa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, na naomba msome mpaka mwisho maana meseji zangu tatu za kwanza hamkuzisoma, ingekuwa mmezisoma msingenijibu vile.

Tangazo la apdeti ya Siku ya Kiswahili, kwamba boksi la zawadi litafunguka tarehe 7 saa 8 usiku, mmeliandika wenyewe na sheria za chati mmezitunga wenyewe, sina haja ya kuwaelezea. Ninachosema ni kwamba mmekosea nyie, tukacheka sisi, alafu adhabu ya myuti, kufungiwa kuandika kwenye chati, nikapewa mimi.

Tarehe 7 usiku nimekaa kitandani na blanketi mbili, Mbeya ya Julai ni baridi ya kuuma, vidole vinakufa ganzi mpaka unabonyeza kioo mara mbili mbili. Simu iko kwenye chaji, bando la usiku nimeunga, almasi, zile pesa za ndani ya gemu, za shilingi 12,000 nimeshanunua tangu jioni ili boksi likifunguka tu nisihangaike. Kikosini tuko macho watu sita, mmoja yuko Mombasa na asubuhi ana zamu bandarini lakini kakesha na sisi. Ikafika saa 8 kamili, nabonyeza, inaniletea "Tukio limekwisha". Limekwisha vipi wakati mmeandika kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 10 usiku? Ndo tukaja kugundua kumbe mlimaanisha saa 2 usiku mpaka saa 4, muda ambao watu wako mezani wanakula, mmechukua namba ya saa za kizungu mkaibandika pembeni ya neno usiku mkaona kazi imeisha.

Nikaandika kwenye chati, maana bagi, yaani hitilafu za gemu, kwenye tangazo mliziita wadudu, na skrinshoti ninayo: "Wadudu mmewarekebisha, saa je?" Basi, ni hayo tu. Watu wakacheka. Hata dakika mbili hazijaisha nimepigwa myuti siku 7, sababu "kuvuruga jamii". Nikawaandikia kwa upole kabisa nikaeleza habari ya saa, mkanijibu hivi: "Ndugu mchezaji, saa 8 usiku ni saa 8 usiku. Tafadhali jifunze kusoma saa kabla ya kulalamika."

Nijifunze kusoma saa! Kwa Kiswahili jua likishachomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili jua linazama, alafu usiku tunaanza tena saa moja. Hata mtoto wa chekechea anajua saa 8 usiku ni usiku wa manane mbwa wanabweka. Na mmetuletea hayo siku ya Kiswahili yenyewe, tarehe 7 Julai ambayo UNESCO waliitangaza 2021 ikawa ya dunia nzima. Mngeacha tu tangazo kwa Kiingereza tungeelewa, lakini mmeandika kwa herufi kubwa kwamba ni zawadi kwa "wachezaji wetu wapendwa wa Kiswahili".

Na kabla ya hapo, mchana wa tarehe 6 tangazo lilipotoka, hivi mlitegemea tusicheke? "Tumerekebisha wadudu 14 waliokuwa wakisumbua wachezaji", mtu akauliza wadudu wanarekebishwaje si wanapuliziwa dawa. "Wahudumu wote watazimwa kwa matengenezo", kumbe ni seva. Ile magazini ya bunduki mmeiita jarida, "jarida sasa lina risasi 40 badala ya 30", chati nzima ikawa inaomba toleo la wiki hii. Ndo watu wanavyotaniana, hakuna aliyetukana, hakuna aliyetaja mama wa mtu. Na kuna waliowaandikia maneno sahihi moja moja, seva, skini, magazini, wakawapa bure, hamkuwajibu hata asante.

Ila kuna moja hatukuicheka. Mmeandika "Ngozi ya mwanamke sasa inauzwa kwa almasi 300". Mama yangu alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, akaiona kwenye simu, akaniuliza hicho ni kitu gani unacheza wewe. Sisi wa Mbeya tumekua tukisikia habari za watu kuchunwa ngozi, wazee wetu wanazikumbuka, hilo neno halikai hivyo hapa. Neno skini, yaani muonekano wa mhusika kwenye gemu, lipo, kila mchezaji analitumia kila siku, mngemuuliza mtu mmoja tu!

Mwanzoni nilitaka vitu viwili, mnitolee myuti na mnirudishie 12,000 yangu. Lakini kila nikikumbuka ule usiku naona hiyo haitoshi. Maana nimepigwa myuti lakini chati naisoma. Nawaona wenzangu wanaandika "kapteni uko wapi", "kapteni tulale au tusubiri", yule wa Mombasa akaandika "kapteni nina zamu saa 12, nambie basi", na mimi naandika inagoma, naandika inagoma, saa 8 na dakika kumi usiku niko na blanketi na siwezi kumjibu mtu niliyemwambia mwenyewe akeshe. Kakaa mpaka saa 9 na nusu. Nilimwambia akeshe kwa sababu niliamini maandishi yenu. Alafu asubuhi ndo naamkia lile jibu lenu kwamba nijifunze kusoma saa.

Kwahiyo nataka tukio lifunguliwe upya kwa wote waliokesha, kwa saa zilizoandikwa kama watu wanavyozisema. Nataka mweke tangazo la kusahihisha na kuomba radhi, palepale kwenye ukurasa wa kwanza, sio kwenye inboksi yangu peke yangu. Na tafuteni mtu anayeongea Kiswahili asome kabla hamjaposti. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wapo, kutafsiri ni sehemu ya kazi zao, na kama mnaona gharama chukueni mchezaji yeyote kwenye kikosi changu mumlipe kwa almasi.

Nawapa siku 7, sawasawa na mlizonipa mimi. Zikipita, risiti za malipo ziko kwenye simu na skrinshoti zote ninazo, napeleka Tume ya Ushindani kama mlaji niliyeuziwa kitu kwa tangazo la uongo. Na kikosi chetu ni watu 46, tumeshaongea, tunahama wote na kila mmoja anaacha nyota moja na sababu yake.

Kapteni wa kikosi, Mbeya

NB: Kabla sijatuma hii nimeingia nikakuta tangazo mmelifuta kimyakimya na chini mmeweka jipya, wadudu wametoka, jarida limetoka, ngozi imekuwa skini, yaani maneno yetu yaleyale ya kwenye chati mmeyachukua. Saa 8 usiku mmeiacha vilevile. Na mimi bado nina myuti. Basi siku 7 nimezifuta, nawapa 3.