Cherehani ya Bibi na Ndoano Mpya: Maelezo kwa Wateja Wanaodhani Tumewaibia

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alirudi karakanani hapa Moshi na hasira iliyotangulia salamu. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ametuletea kichwa cha cherehani ya miguu, Singer 15K aliyoachiwa na bibi yake, kikiwa kinaruka mishono na kukata uzi kila baada ya shibiri moja, nasi tukamrudishia kikiwa kinashona. Jirani yake mmoja anayejua kidogo mambo ya mashine alikifungua kwa chini, akaona ndoano inang'aa, akamwambia kwamba tumenyofoa chuma cha Uskoti na kumpachikia cha Kichina, kisha tukamtoza shilingi 45,000 juu yake. Lawama ya namna hii hutufikia karibu kila mwezi, ndiyo maana tumeona tuijibu kwa maandishi badala ya kubishana na mteja mmoja mmoja mlangoni.

Ni kweli kwamba tulibadilisha ndoano. Si kweli kwamba tulificha, kwa sababu kazi hiyo imeandikwa kwenye risiti, mstari wa pili, na mama huyo alitia sahihi yake chini.

Ndoano tunayoisema ni kile chuma chenye umbo la mwezi mchanga kilicho chini ya meza, kando ya kasha la bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Sindano inaposhuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi wake hulegea kidogo na kufanya kitanzi nyuma ya tundu. Hapo ncha ya ndoano huingia ndani ya kitanzi, ikakivuta na kukizungusha nje ya kasha la bobini, ili uzi wa juu ushikane na uzi wa chini. Ncha hiyo inatakiwa ifike sindano ikiwa imepanda takriban milimita 2.4 kutoka chini kabisa, na ipite karibu mno na sindano bila kuigusa. Ikiwahi au ikichelewa, kitanzi hakipo, na mshono unaruka. Ikiwa ncha imelika na kuwa butu kama ukucha uliokatwa, hakuna kuseti taimingi, yaani kurekebisha wakati ncha inapokutana na sindano, kutakakoiponya, hata fundi angekesha. Ndoano ya bibi ilikuwa imelika hivyo, tena ina mkwaruzo unaosikika kwa ukucha wa kidole gumba, na mkwaruzo huo ndio uliokuwa ukikata uzi.

Kuhusu Uskoti na China, tuseme jambo ambalo mafundi wengi hulichukulia kuwa linajulikana. Herufi K katika 15K inatokana na Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank huko Uskoti, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Cherehani zenye namba inayoanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, zilitoka huko kuanzia mwaka 1935. Kwa hiyo anayetudai ndoano mpya ya Clydebank anadai kitu ambacho hakijatengenezwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini muundo wa 15 ulinakiliwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ukanakiliwa China na kwingineko, na Butterfly za Shanghai zilizojaa vibarazani kwa mafundi cherehani wetu ni watoto wa muundo huo huo. Ndoano, kasha, bobini na sindano vinaingiliana. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya mashine iliyobuniwa karne ya kumi na tisa iwe bado inashona sare za shule leo: kipuri chake kinapatikana sokoni kwa bei ya kitambaa cha shati. Cherehani za umeme zenye vitufe na kioo tumezipokea nyingi, na zikiungua kadi ya ndani huwa tunamweleza mwenye nayo kwamba hatuna cha kumfanyia.

Kipuri cha Kichina hakilingani ubora na kingine cha Kichina, hilo tunakubali. Zipo ndoano za chuma laini ambazo ncha yake hulika kabla ya mwaka kwisha, na bei yake ni karibu nusu ya tunazotumia sisi. Mteja anaponunua kipuri mwenyewe na kutuletea tukifunge, tunakifunga, lakini tunaandika kwenye risiti kwamba si chetu.

Kuna kundi jingine la wateja ambao hawaulizii ndoano bali zebaki. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa mno, watu wakazinunua kwa bei za ajabu na kuzipima kwa simu za mkononi, wakiamini kwamba simu hukata mawasiliano ikisogezwa karibu na zebaki hiyo, mpaka polisi wakatangaza kwamba ni utapeli. Uvumi huo haujafa. Mzee mmoja kutoka upande wa Rombo alituachia Singer yake tuisafishe, na alipoichukua akaisogeza simu karibu na sindano, akatuangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, ilikuwa na kitu humu." Tumefungua cherehani kwa miaka kumi na sita. Tumekuta ndani yake vumbi la pamba, vipande vya sindano, vifungo, mende, na mara moja noti ya shilingi kumi iliyokunjwa. Zebaki hatujaiona, na hakuna mahali katika mashine hiyo inapohitajika.

Sasa tuje kwenye chanzo cha gharama, ambacho mara nyingi ni njia ya mkato iliyofanyika nyumbani kabla mashine haijatufikia.

Ya kwanza ni mafuta. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayana rangi, na chupa yake ndogo humtosha fundi wa kawaida kwa miezi mingi. Hata hivyo watu wanatia mafuta ya kupikia kwa sababu yako karibu na jiko, na mafuta hayo yakikaa hugeuka kuwa gundi ya kahawia inayoshika mhimili kama ulimbo. Wengine hutia oili chafu ya gari, ambayo huja na masizi na unga wa chuma na kusaga kila inapopita. Tuliwahi kuletewa cherehani kutoka Marangu iliyokuwa inashona vizuri mchana na kugoma kabisa alfajiri, na mwenye nayo alikuwa ameshaipeleka kwa mafundi wawili, mmoja akabadilisha mkanda na mwingine akadai gurudumu limepinda. Tulipofungua tulikuta kila tundu la mafuta limejaa kitu cheupe kama samli. Shemeji yake wa Tanga alikuwa amemletea mafuta ya nazi safi kabisa, naye akaona chuma cha bibi kinastahili kitu safi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai huko milimani joto liko chini ya hapo. Kazi ile ilituchukua siku mbili nzima za kuloweka kwa mafuta ya taa, kupangusa na kupaka upya, wakati chupa ya mafuta sahihi ingemgharimu chini ya shilingi elfu tatu.

Ya pili ni sindano. Sindano ya cherehani hizi ina shina nene lenye upande mmoja bapa, na ule ubapa ndio unaoiweka sawasawa mbele ya ndoano. Sindano za mashine za viwandani zina shina la mviringo lililo jembamba zaidi, na kwa kuwa huuzwa rahisi kwa pakiti, watu huzibana humo humo na kukaza skrubu mpaka ilie. Sindano inakaa upande, inagusa ncha ya ndoano, na hapo ndipo ncha huanza kuliwa. Ndoano ya yule mama, kwa jinsi ilivyolika upande mmoja, tunaamini ilikufa hivyo.

Mkanda wa ngozi nao hubadilishwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira hunyumbuka, ukilegea mtu anaufunga tena kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo yote inabebwa na mhimili wa gurudumu la juu. Mota tusiiseme sana. Ndoano ya 15K haizungukii mduara mzima, bali huenda nusu na kurudi nusu, hivyo mashine hii haikuundwa kukimbizwa. Aliyeifunga mota ya kiwandani ili amalize oda ya majoho ya mahafali alituletea kichwa kilichokuwa kinagonga kama mtwangio, na tulimshauri auze miguu na meza.

Shilingi 45,000 za mteja wetu ziligawanyika hivi: ndoano 14,000, mkanda wa ngozi 6,000, na zilizobaki ni ufundi. Wanaotuambia kwamba "kusafisha tu" kusizidi elfu kumi wanafikiria brashi na kitambaa. Ufundi huo ni kuvua kila kipande chini ya kichwa, kupima ndoano na sindano mara nyingi kwa mkono, kurekebisha sahani za kubana uzi wa juu, na kuning'iniza kasha la bobini kwa uzi wake mpaka likishtuliwa lishuke kidogo na kusimama, ishara kwamba uzi wa chini umebanwa sawasawa. Baada ya hapo tunashona khanga, kisha jinzi iliyokunjwa mara nne, kisha khanga tena bila kugusa skrubu yoyote. Mashine isiyofaulu khanga ya pili haitoki.

Mafundi cherehani waliokuwa kazini wakati wa mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 hatuna haja ya kuwashawishi kuhusu thamani ya kitu kinachoendeshwa kwa miguu. Wao huleta mashine mapema, kabla haijaanza kuruka, na bili zao kwa kawaida haziishii mbali na elfu ishirini.

Kuanzia sasa kila kipuri tunachokitoa kitarudishwa kwa mwenyewe ndani ya bahasha yenye namba ya kichwa, na atakayekuja kuchukua mashine ataonyeshwa cha zamani na kipya vikiwa vimewekwa kando kwa kando. Ndoano ya bibi tulikuwa tumeihifadhi, ingawa hapo awali hatukuwa na utaratibu huo. Mama aliipitisha kwenye ukucha wake, akaiweka kwenye pochi, akauliza chupa ya mafuta tunaiuza bei gani.