Betri nyepesi za bajaji za umeme: kwa nini tunakuuliza njia zako kabla ya kukutajia bei

Wateja wengi wanaoleta bajaji ya umeme iliyochoka betri katika karakana yetu hapa Mbeya huanza na ombi moja: wanataka betri ya lithiamu yenye namba zilezile zilizoandikwa kwenye betri za zamani. Kama zilikuwa za ampea saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba), wanataka 100. Ombi hilo tunalielewa, lakini mara nyingi tunawashauri wachukue ndogo zaidi, na ushauri huo huwashangaza.

Bajaji na maguta mengi ya umeme ya miaka ya nyuma yalikuja na betri za risasi na asidi, tano za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano ili kupata volti 60. Betri moja ya ampea saa 100 ina uzito unaokaribia kilo 30, hivyo seti nzima hukaribia kilo 150, na uzito huo hupanda na kushuka nawe kutwa nzima, uwe na abiria au usiwe naye. Katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako anayetoka Mbalizi kuja mjini hana budi kuupanda mlima wa Iwambi, hiyo ni sawa na kubeba abiria wawili wasiolipa nauli tangu alfajiri. Tena betri ya risasi ikimalizwa zaidi ya nusu ya ujazo wake mara kwa mara hufa mapema, na mota inapovuta umeme mwingi kwa mkupuo, kama inavyofanya mlimani, ujazo unaopatikana hupungua chini ya ule ulioandikwa. Kwa hiyo ile 100 unayoisoma ubavuni mwa betri, kwa kweli ulikuwa ukiitumia kama 50.

Pakiti ya betri tunayoifunga ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, yenye seli (vibetri vidogo) 20 za volti 3.2. Ile ya ampea saa 60, pamoja na boksi lake, haifiki kilo 40. Unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, yaani ampea saa 48, ambazo zinakaribiana sana na zile 50 ulizozizoea, huku bajaji ikiwa imepungua zaidi ya kilo 100. Dereva anayezunguka kati ya Mwanjelwa na Uyole, ambaye hurudi nyumbani mchana na kuchomeka chaja, akinunua pakiti ya ampea saa 100 atakuwa amelipia seli asizozigusa. Mwenye guta la kuleta viazi kutoka Isyonje, ambaye hana pa kuchaji njiani, huyo tunamfungia kubwa bila kusita.

Uamuzi huu hauwahusu wenye bajaji peke yao. Gari la michezo la umeme la Tesla Roadster, lililouzwa kati ya mwaka 2008 na 2012, lilikuwa na seli ndogo 6,831, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndani ya pakiti ya kilo 450 hivi. Gari zima lilikuwa na kilo 1,300 hivi, maana yake theluthi moja ya uzito wake ilikuwa betri. Seli za umbo hilohilo zinazotengenezwa siku hizi hubeba umeme mara moja na nusu ya zile za wakati ule, kwa hiyo anayebadilisha betri ya gari hilo anaweza kuijaza nafasi yote akaenda mbali zaidi kwa uzito uleule, au akaweka seli chache, akabaki na umbali wake wa awali na kupata gari jepesi. Kampuni yenyewe, ilipotangaza betri mpya ya gari hilo mwishoni mwa mwaka 2014, ilichagua umbali. Kwa gari ambalo raha yake ni wepesi wa kukata kona, sisi tungechagua wepesi.

Wepesi, hata hivyo, una masharti yake. Betri za risasi zilikuwa zikiishikilia bajaji chini, na zikiondolewa, chombo cha magurudumu matatu huwa rahisi zaidi kuinuka kwenye kona. Ndiyo maana tunaifunga pakiti mpya palepale chini zilipokuwa za zamani, kamwe si nyuma ya kiti hata kama nafasi ipo. Bodi ya ulinzi ya pakiti, inayokata umeme betri ikiwa hatarini, nayo lazima istahimili umeme wote ambao kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti mota, inaweza kuuvuta, la sivyo itakata katikati ya mlima ukiwa na abiria, lori likiwa nyuma yako.

Jambo la chaja hatulijadili tena. Mwanzoni tulimruhusu mteja mmoja abaki na chaja yake ya betri za risasi ili apunguze gharama, nayo iliendelea kusukuma umeme hata pakiti ilipokuwa imejaa. Baada ya miezi michache volti za seli zilikuwa zimetofautiana kiasi cha kutofaa, tukazibadilisha kwa gharama yetu. Pakiti ya seli 20 inapaswa kuachwa ikifika volti 73, na kila tunayoiuza hutoka na chaja yake.

Wanaoishi maeneo ya juu wana tahadhari mbili za ziada. Kama mota yako hurudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka, usianze siku kwa mteremko mrefu ukiwa na pakiti iliyojaa kabisa, kwa sababu bodi itaukataa umeme huo na mota itaacha kukushikilia ghafla. Ishia asilimia 90, na breki za kawaida ziwe nzima. Na kwa wateja wetu wa Makete, ambako umande huganda alfajiri za Juni na Julai, seli hizi hazichajiwi chini ya nyuzi sifuri. Chaji jioni mara tu unaporudi, au ndani ya nyumba.

Ukija, njoo na bajaji yenyewe, chaja ya zamani na orodha ya safari zako za siku moja ya kawaida. Betri za zamani tunazipokea na kuzipunguza kwenye bei, kwa kuwa risasi ni sumu na hatupendi ziishie mtoni. Kabla hatujakukabidhi, fundi wetu atapanda nawe mlima ukiwa na mzigo kamili, mita ikiwa imeunganishwa, ili uone kwa macho yako volti zinavyosimama.