Jumamosi: tumehama ukumbi

Habari za jioni wapendwa. Ukumbi umechukuliwa na harusi, hivyo tukutane sebuleni kwangu Majengo, saa 10 jioni.

1. Tunaangalia kipande cha video ya Francis Alÿs, Mbelgiji aliyehamia Mexico. Mwaka 1999 alirekodi uwanja mkuu wa Mexico City kwa saa 12: watu wamejipanga kwenye kivuli cha mlingoti wa bendera, kivuli kikisogea nao wanasogea. Utadhani abiria wetu pale stendi saa 7 mchana!

2. Mchango Sh 3,000 kwa mhazini kabla ya Ijumaa, projekta na chai.

3. Njoo na video ya dakika moja uliyorekodi mtaani kwa simu. Mnara wa Saa tumeuchoka jamani.

Nani ana ekstensheni ndefu? Yangu imeungua.

Jibuni NAKUJA au SIJI kufikia Alhamisi usiku, nihesabu vikombe.